Usitunge Tukio, Tunga Mahali: Kwa Wanaoanza Kutunga Muziki wa Gemu za Kinjozi za Mtandaoni

Wengi wanaonitafuta wakitaka kuingia kwenye kazi hii hunitumia kitu kilekile: dakika tatu za ngoma nzito, kwaya inayopaza sauti, fidla zimejaa kila pembe, na mwishoni kishindo. Miksi safi, sina ubishi. Kiweke chini ya tangazo la sinema, kitapendeza. Kiweke kwenye msitu ambamo mchezaji atashinda jioni nzima akichuma mitishamba, na atakizima kabla mfuko wake haujajaa.

Tofauti iko kwenye muda, na nani anaushika. Kwenye sinema, mwongozaji anajua mlango utafunguliwa sekunde ya ngapi, hivyo mtunzi anapanda na kushuka naye. Kwenye gemu ya mtandaoni mwenye muda ni mchezaji. Atapita darajani mbio, au atasimama hapo saa nzima akiwasubiri wenzake, akipiga soga, au ameenda kula na kuacha kompyuta inawaka. Muziki wako hauna habari. Kwa hiyo usitunge tukio, tunga mahali. Ukilishika hilo, karibu kila ushauri utakaokutana nao utauona unatokea humo.

Darasa ninalompeleka kila mgeni ni gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004. Muziki wa toleo lile la kwanza ulitungwa na Jason Hayes, Tracy Bush, Derek Duke na Glenn Stafford. Fungua akaunti ya majaribio. Hulipi chochote hadi ngazi ya 20. Ukifika mji wa Stormwind, toka getini uingie msitu wa Elwynn, kisha tembea kwa miguu kuelekea kusini. Usipande farasi, usipigane. Sikiliza tu.

Jambo la kwanza utakaloligundua ni kwamba sehemu kubwa ya matembezi hayo haina muziki. Unaanza, unakaa kidogo, unakwisha, halafu unabaki na upepo, ndege na nyayo zako mwenyewe. Baadaye unarudi na kipande kingine. Kwenye mipangilio ya sauti kuna swichi ya kuufanya ujirudie bila kukoma kwa anayetaka, lakini hebu uache ulivyo. Kimya kile kinafanya kazi. Sikio linapumzika, na muziki unaporudi unausikia tena kama kitu kipya, ingawa ni kipande ulichokwisha kukisikia. Mtunzi anayeanza hukiona kimya kama pengo la kuziba, pengine kwa kuwa analipwa kwa dakika.

Endelea kusini uvuke mto uingie Duskwood. Hapa ndipo penye somo. Upande mmoja palikuwa na jua na mashamba, upande wa pili miti mirefu iliyojikunja na usiku usiokwisha. Jaribu kuvuka mara kadhaa, mara nyingine ukiwa umefumba macho. Jiulize nini kilikwambia umeingia mahali pabaya: ni rangi, ni sauti za wadudu, au ni ala? Mara nyingi utakuta sauti za mazingira zimetangulia na muziki ukafuata nyuma yake kuthibitisha. Fanya zoezi hilo tena wakati ndani ya gemu ni usiku, maana maeneo mengi ya gemu hii yana vipande vya mchana na vya usiku. Cha usiku si lazima kiwe cha kutisha. Kinaweza kuwa kilekile kilichopunguzwa ala.

Mpakani ndipo wanaoanza huaibika. Mchezaji akipigana na nguruwe mwitu juu kabisa ya mstari unaotenganisha maeneo mawili, atavuka huku na kule mara kumi kwa dakika moja, na muziki utawaka na kuzimika kama taa ya mtaa wenye umeme mbovu. Mwambie mhandisi aweke subira: muziki ubadilike tu baada ya mchezaji kukaa upande wa pili sekunde kadhaa, na kile cha zamani kififie taratibu badala ya kukatwa. Tunga maeneo jirani kwenye ufunguo mmoja au funguo zinazoelewana, ili hata vikigongana katikati ya kufifia visigombane. Hiyo ni kazi yako, mhandisi hatakufanyia.

Sasa, kuhusu melodi. Kanuni ninayowapa vijana ni kwamba melodi kali huchosha haraka, kwa hiyo itunze kwa ajili ya miji, bandari na skrini ya kuingilia, mahali ambapo mtu hupita; misitu na mapango uyape sauti ndefu zisizo na mwanzo wala mwisho unaokumbukika. Ni kanuni nzuri, na gemu ya RuneScape inaivunja kila siku bila kuona haya.

RuneScape ilianza 2001, na toleo lake la pili la 2004 ndilo lililoleta muziki ambao wachezaji wake wanaukumbuka hadi leo, sehemu kubwa ukiwa wa Ian Taylor. Gemu ilichezwa ndani ya kivinjari, na watu wengi walikuwa na intaneti ya kusuasua. Rekodi kamili ingechukua muda mrefu mno kushuka. Suluhisho likawa midi: faili ndogo sana isiyobeba sauti yenyewe bali maelekezo ya noti, kompyuta ya mchezaji ikipiga kwa ala zake. Ukinyimwa mwangwi wa kanisa, kwaya na fidla sitini, unabakiwa na kitu kimoja, nacho ni wimbo unaoweza kupigwa mluzi. Wakautunga kweli. Ukisikia vipande vyao vya baharini utajikuta unatikisa kichwa.

Kwa nini hawakuchosha? Nadhani sababu ni mbili. Ala zenyewe zilikuwa nyembamba, hazikuvamia sikio. Pia kila kipande kilifungwa kwa mahali: unapokanyaga eneo kwa mara ya kwanza, gemu inakutangazia kwamba umefungua kipande cha muziki, na kinaingia kwenye orodha yako. Tuni inakuwa ushahidi kwamba ulifika. Toleo la zamani liliporudishwa 2013 kwa jina la Old School RuneScape, na kuingia kwenye simu 2018, watu wazima walirudi wakaanza kutambua vijiji kwa masikio kabla picha haijakaa sawa. Ukiniuliza, midi ile imewajengea watu ulimwengu mkubwa kuliko okestra nyingi nilizozisikia tangu hapo.

Muziki wa mapigano nitaupitia haraka. Usimwekee mchezaji ngoma za vita kila anapompiga panya. Atapiga panya mia. Kama mteja anang'ang'ania, tengeneza tabaka jembamba la mdundo linaloingia juu ya muziki wa mahali na kutoka, likiwa kwenye mwendo na ufunguo uleule, kisha nguvu zako ziweke kwa mabosi, yaani maadui wakubwa. Hapo msikilize mtunzi Masayoshi Soken kwenye gemu ya Final Fantasy XIV. Pambano na bosi aitwaye Titan linakwenda kwa hatua, na muziki unabadilika nazo. Kwa bosi mwingine, Shiva, wimbo wenye mwimbaji unaingia baada ya shambulio lake kubwa la barafu. Angalia ujanja wake: badiliko limefichwa nyuma ya tukio ambalo kila mtu analitazama, hivyo mshono hauonekani. Hata hapo mtunzi hashiki muda, kwa sababu kundi hodari litafika hatua hiyo mapema na kundi legelege litachelewa. Ndiyo maana kila sehemu inatungwa iweze kujizungusha hadi ishara ije.

Kuna upande ambao vitabu vya utunzi haviugusi sana: kwenye gemu hizi wachezaji wenyewe hupiga muziki. EverQuest ya 1999 ilikuwa na mhusika wa aina ya mwimbaji ambaye nyimbo zake ndizo uchawi wake. Mpigaji mzuri alibadilisha nyimbo kwa zamu, moja ikikaribia kuisha anaanzisha nyingine, ili kundi zima lifaidi zote. The Lord of the Rings Online, iliyotoka 2007, ilikwenda mbali zaidi. Mchezaji anashika luti, kinubi au filimbi, na anaweza kupiga noti moja moja kwa kibodi au kulisha gemu faili ya maandishi ya mfumo wa ABC, ule ule unaotumiwa na wapenzi wa nyimbo za kienyeji za Ulaya. Zikazaliwa bendi zenye mazoezi na sare, na tamasha la kila mwaka juu ya kilima cha Weathertop, liitwalo Weatherstock. Wachezaji ndio walioliandaa.

Nenda ukakae kwenye moja ya maonyesho hayo. Utaona mamia ya vibaraka vya kompyuta vimesimama vinacheza dansi, na utaelewa kwamba hali ya mahali wanaileta watu. Kwa kazi yako maana yake ni nyepesi: kama gemu ina ala za wachezaji, hakikisha muziki wa mahali unashuka wenyewe pindi mtu anapoanza kupiga karibu. Hakuna kinachoudhi kama mtoto wa watu kujifunza kinubi kwa subira halafu okestra yako imfunike.

Sisi tuliokulia pwani tuna neno la kusema kuhusu majangwa. Karibu kila gemu ya kinjozi ina jangwa, na karibu kila jangwa linapewa maqamu (ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu) ya hijazi na udi unaoyumba, na mara nyingi nyoka hayuko mbali. Kwa sikio lililokulia taarabu, hijazi inaweza kuwa usiku wa harusi, akina mama wanatunza, mwimbaji anarudia ubeti kwa sababu umeombwa. Vivyo hivyo ngoma: mara nyingi wanaopewa ni maadui wa porini. Sikwambii ugome. Nakwambia una kitu mkononi ambacho mtunzi wa mbali anakikisia tu. Kama huzijui maqamu kwa majina, kasome. Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar imekuwa ikifundisha udi na ganuni tangu 2002. Kisha mpe mkurugenzi mji wa bandari uliojengwa juu ya maqamu ya rasti au bayati, wenye furaha na biashara, na uone kama hatasahau jangwa lake.

Yanayofuata ni ya fundi, na yatakuokolea kazi nyingi.

Faili ya MP3 huongezewa vipande vidogo vya kimya mwanzoni na mwishoni inapobanwa, hivyo lupu, yaani kipande kinachojizungusha, itajikwaa kila inapojirudia. Tumia faili ya aina ya Ogg Vorbis, au peleka WAV isiyobanwa na uwaachie watengenezaji wa gemu waibane. Mkia wa mwangwi nao ni mtego: noti ya mwisho lazima iendelee kulia juu ya mapigo ya kwanza ya mzunguko unaofuata. Njia rahisi ni kurekodi lupu mara mbili mfululizo, kisha ukate na kutumia ile ya pili.

Sikiliza miksi yako kwenye simu, spika ya simu yenyewe, bila kuvaa kitu masikioni. Besi yote uliyoipenda studio itakuwa imekwenda. Kama wimbo umekufa, ulikuwa umeegemea besi tu. Halafu fungua kipindi chochote cha watu wawili wanaoongea, ukicheze juu ya muziki wako. Wachezaji wa mtandaoni wanazungumza muda wote, wanapeana amri, wanataniana. Muziki wenye filimbi kali na nyuzi zilizorundikana kati ya kilohezi 1 na 4 unapigania nafasi ileile inayobeba konsonanti za usemi, na utashindwa, kwa sababu atakayezimwa si rafiki yake.

Piga pia hesabu ya bando. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Saa moja ya muziki inakaribia 58. Mchezaji anayenunua bando la siku ataliona hilo kabla hajaiona ladha yako. Ndiyo sababu tabaka tatu fupi zinazochanganywa upya na gemu yenyewe zina thamani kuliko kipande kimoja kirefu. Programu za FMOD na Wwise, ambazo studio nyingi huzitumia kuunganisha tabaka hizo, unaweza kujifunza bila kulipa.

Kama bado hujapata gemu ya kuifanyia kazi, tafuta kundi linalocheza michezo ya kuigiza ya mezani kwa njia ya sauti mtandaoni, ujitolee kuwawekea muziki. Jukwaa la Roll20 lina sehemu yake ya kuchezesha nyimbo. Hakuna shule inayofundisha haraka hivyo: unasikia moja kwa moja wanaponyamaza kwa hofu, na unasikia pia mmoja anaposema, "jamani, punguzeni hiyo kitu". Ukisikia la pili, usijitetee. Punguza.

Siku ukiomba kazi, usitume dakika tatu za kishindo. Chagua mahali pamoja, tuseme soko la samaki la mji wa mazimwi, utume la mchana, la usiku, na tabaka la hatari, vyote vikiwa ufunguo na mwendo mmoja. Ambatanisha video ya mtu akitembea humo dakika kumi, pamoja na vimya vyake. Kwenye kila jina la faili andika mwendo, ufunguo na sekunde lupu inapoungana, kwa sababu anayeifungua kwanza huwa ni mhandisi, na neno lake kwa mkurugenzi lina uzito.