Kuomba fedha za utafiti wa ethanoli ya makapi ya miwa

Umeuliza kwa nini wafadhili wanarudisha andiko lako la kutengeneza ethanoli, yaani alkoholi, kwa makapi ya miwa. Kwa maelezo uliyotoa, tatizo ni hesabu ya malighafi. Tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 280 za makapi, lakini karibu nusu ya uzito huo ni maji, na kiwanda hutegemea makapi hayohayo kuwasha boila. Onyesha ziada inayobaki boila ikishashiba. Bila hiyo hakuna mkaguzi atakayekuelewa.

Halafu usiahidi mavuno ya kwenye karatasi. Kilo moja ya glukosi, sukari inayopatikana kwa kuvunja makapi, haiwezi kutoa zaidi ya gramu 511 za ethanoli. Makapi yakipikwa kwa asidi na joto kali hutoa furfurali, kemikali inayoidumaza hamira inayogeuza sukari kuwa ethanoli, na zailosi, sukari nyingine ya makapi, hailiwi na hamira ya kawaida. Kwa hiyo tenga fungu la kupima furfurali kila mpiko, na jingine la vimeng'enya vya kuvunja makapi kuwa sukari, maana hivyo humeza bajeti kimyakimya. Majitaka nayo husahaulika: lita 10 hadi 15 kwa kila lita ya ethanoli.

Fungu likiwa dogo, anza na molasi, shira inayobaki sukari ikishatengenezwa. Sukari yake iko tayari kwa hamira.