Giaboksi moja, kushushwa mara tatu

Gia namba tano ilinichomoka nikiwa maeneo ya Bwawani, natoka Dar narudi Morogoro, trei tupu za mayai zimejaa siti ya nyuma. Mkono wa gia ulirudi wenyewe katikati, injini ikalia, na lori lililokuwa nyuma yangu likanipigia honi ndefu. Nikairudisha. Ikachomoka tena. Nikaushikilia ule mkono mpaka Mikese kama mtu aliyekamata mwizi anasubiri polisi. Mwisho bega likauma, nikamalizia safari kwa namba nne.

Watu hupenda kusema "giaboksi imekufa ghafla". Yangu haikufa ghafla. Kwa miezi mitatu mwanangu wa darasa la kwanza alikuwa akitangulia nje asubuhi na kurudi na taarifa: "Mama, gari limekojoa tena." Nami natazama kidoa kile karibu na gurudumu la mbele la kushoto, najiambia ni maji ya eisi. Eisi ya gari hilo haijawahi kufanya kazi tangu nilinunue.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet ya 1998, injini ya 4E-FE ya cc 1,331, manuali ya gia tano. Nalitumia kusambaza mayai, ndiyo maana wateja wengi hapa mjini wananiita Mama Mayai. Ndani ya mwaka mmoja na nusu giaboksi ya gari hili ilishushwa mara tatu. Nimepiga hesabu, na kilichonimaliza siyo bei ya giaboksi. Ni kushusha, yaani kuitoa chini ya gari. Shusha, pandisha, shusha tena, na kila mara fundi anataka hela yake, gari limelala siku mbili, mayai yanakwenda kwa bodaboda na kurudi nusu yake uji.

Nianze na oili, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Oili ya injini ikipungua sana taa nyekundu itawaka kwenye dashibodi. Giaboksi haina taa, na magari mengi madogo hayana hata kijiti cha kuipimia. Dalili yako ya kwanza ni kidoa chini. Weka kipande cha boksi chini ya gari usiku, asubuhi ukiguse kile kilichodondoka. Maji ya eisi hayana rangi wala utelezi. Oili ya gia ni nzito, inavutika kati ya vidole, na ina harufu kali ya kiberiti ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Kwenye gari langu ilikuwa inavujia kwenye sili ya drafti shafti ya kushoto, ile shafti inayozungusha gurudumu. Sili ni kajipete ka mpira ka bei ndogo kuliko trei moja ya mayai.

Kuipima ni rahisi. Ubavuni mwa giaboksi kuna nati ya kujazia. Gari likiwa limesimama sawa, siyo limeinuliwa upande mmoja, unaifungua na kuingiza kidole. Oili ikigusa ukingo wa chini wa tundu, ipo ya kutosha. Unapobadilisha, fungua ya kujazia kwanza, ndipo uende ya chini ya kumwagia. Ukianza na ya chini oili yote ikamwagika, halafu ya juu ikagoma au ikaliwa kichwa, huna pa kujazia na gari haliendi popote. Nimeshuhudia hilo kwa gari la mtu mwingine, na fundi aliyefanya hivyo alikuwa na ndevu nyeupe.

Yangu inachukua karibu lita mbili. Siku tuliyoifungua baada ya Bwawani, kilichotoka hakikujaza kikombe cha chai. Kwenye nati ya kumwagia kuna sumaku. Ute wa kijivu, laini kama majivu yaliyokorogwa na mafuta, ni kawaida. Chuma kinasagana na miaka inapita. Kwangu vilikuwa vipande. Kimoja nilikiweka kiganjani, kina ncha na upande mmoja unang'aa, kilikuwa pembe ya jino la gia. Fundi alikitazama, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Dada, hapa hatuongezi oili." Kwenye gari hili namba tano ipo mwisho kabisa wa giaboksi, ndani ya kifuniko chake peke yake, na oili ikipungua, gia hiyo ndiyo inayoonja ukame mapema.

Lakini kabla hujakubali kushusha, hakikisha ugonjwa ni wa giaboksi. Jirani yangu mwalimu alishushiwa kwa sababu gia zilikuwa haziingii, ikakutwa nzima, kumbe waya wa klachi umelegea. Kipimo chake hakihitaji fundi. Zima injini, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikagoma ikiwa imewaka, klachi haiachii. Waya, au pampu kama gari lako ni la pampu, au klachi yenyewe. Mkono wa gia ukiwa unachezacheza kama kijiko kwenye uji, hata kupata rivasi ni bahati, anza kuangalia bushi na nyaya zake, ni kazi ya saa moja.

Kwa milio, weka frii, yaani gia yoyote isiwe imeingia, gari likiwa limesimama na injini inawaka, usikanyage klachi, usikilize. Kukiwa na mvumo ambao unapotea ukikanyaga klachi, beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi imechoka. Ikiwa ni kinyume chake, kimya ukiachia na mlio ukikanyaga, ni rilisi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Gia ikikwaruza wakati wa kuingia, hasa namba mbili, hiyo ni sinkronaiza, ile pete inayosawazisha mwendo kabla meno hayajakutana. Mvumo unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa gari, hata ukiweka frii kwenye mteremko, unaweza kuwa beringi za difu au za gurudumu tu. Kwenye barabara tupu yumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Mlio ukibadilika, mtuhumiwa wa kwanza ni gurudumu.

Kipimo cha frii na klachi ndicho ambacho ningekijua mapema kisingenitoa machozi. Tulikwenda Dar, Shaurimoyo, mimi na fundi kijana, tukanunua giaboksi ya mtumba kwa shilingi 380,000. Ilikuwa imeoshwa ikapakwa rangi ya fedha, inang'aa kama sufuria ya harusini. Muuzaji akaizungusha shafti kwa mkono, ikazunguka, tukaridhika. Garantii siku saba. Tukaifunga Morogoro siku ya nne, ya tano nikasikia mvumo nikiwa nimesimama stendi ya Msamvu. Fundi akasema itazoea. Chuma hakizoei, jamani. Nilipompigia muuzaji ilikuwa siku ya tisa, akanijibu kwa upole kabisa kwamba garantii imeisha.

Siku hizi nikisindikiza mtu kununua, giaboksi iliyooshwa ikang'aa naipita. Nataka yenye uchafu wake na oili kidogo iliyobaki ndani, niinuse, niichovye kidole nione kama ina mng'ao wa vumbi la chuma. Naitikisa shafti juu na chini. Kuchezea kidogo hakutishi, kugonga kunatisha. Tunaingiza gia zote kwa mkono na kuzungusha katika kila moja. Tunatazama masikio ya bolti kama yana ufa. Na nenda na klachi pleti yako ya zamani kwenye mfuko, uivalishe kwenye shafti ya giaboksi unayotaka kununua. Meno yasipooana, hata muuzaji akuapie namna gani, siyo yako. Angalia pia tundu la kamba ya spidomita na mahali pa kufunga maunti, kwa sababu kuna giaboksi zinazokaa kwenye injini vizuri halafu unakuta spidi haisomi. Risiti dai, iandikwe namba iliyopo kwenye chuma. Kadi ya gari ina namba ya injini na chesisi, ya giaboksi haimo, hivyo risiti ndiyo ushahidi wako kwamba hukununua kitu cha wizi.

Na hili liandike kwa kalamu nyekundu: giaboksi ya mtumba mara nyingi hufika ikiwa kavu. Simama hapo mpaka uone oili inaingia. Fundi akiwa na haraka atawasha "tujaribu tu".

Sasa upumbavu wangu. Wakati wa kufunga ile ya mtumba fundi aliniambia klachi imebaki nusu, na sili ya shafti ya kuingilia, ile inayopita kwenye klachi, ingefaa ibadilishwe. Nikasema tuache, hela imeisha. Sili hiyo ilikuwa shilingi 12,000. Miezi minne baadaye, mlima mdogo tu wa kuingia kwetu Kihonda, injini inapiga kelele gari haliendi, harufu ya kuungua imejaa ndani. Oili ilikuwa imepenya kwenye sili ile chakavu ikalowesha klachi pleti. Shusha tena. Tukabadilisha pleti, presha pleti, rilisi beringi na sili. Giaboksi ilikuwa chini pale, kwenye gunia, mimi nimesikia ikivuma miezi minne, fundi ameisikia, na bado tukairudisha hivyo hivyo. Hakuna aliyesema neno. Hela ya kushusha 80,000 mara ya pili.

Mara ya tatu ndiyo nikapelekwa kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mwembe na meza ya mbao. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini wake sikioni, injini inaunguruma. Akanipa na mimi nisikilize. Ndani kulikuwa na sauti kama mahindi yanakaangwa. Akaniuliza nimeshashusha mara ngapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa: "Umewalipa vijana mara mbili, mwanangu. Hiyo hela ingenunua beringi zote zilizomo humu na soda juu."

Aliniambia nimletee na ile ya kwanza iliyovunjika namba tano. Akazifungua zote mbili, akapanga kila kitu juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka, akatengeneza moja. Beringi ya shafti ya kuingilia ilikuwa imepasua kikombe chake. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho duka la spea halikuambii: beringi ina namba iliyochongwa ubavuni. Usiende dukani kuomba "beringi ya giaboksi ya Starlet". Nenda duka la beringi na namba hiyo, utachagua bei na utengenezaji. Pete za sinkronaiza alizipima kwa kuzibana kwenye koni ya gia na kuzungusha kwa kidole. Inayong'ata inabaki, inayoteleza inatupwa. Ya namba mbili aliitoa kwenye giaboksi yangu ya zamani, ilikuwa bora kuliko ya mtumba.

Wakati wa kupandisha alinifukuza nisimsumbue, lakini niliona jambo moja. Wale vijana wa mwanzo walikuwa wakiisukuma giaboksi, ikishaingia shafti wanaiachia ining'inie hapo huku wanatafuta bolti. Uzito wote unalalia klachi pleti na kuipinda. Mzee aliishika na jeki muda wote mpaka bolti mbili za juu zilipouma. Na pini mbili za kuongozea, zile fupi zinazolinganisha injini na giaboksi, alizitafuta kwanza. Moja haikuwepo, imepotea tangu mara ya kwanza au ya pili, nani anajua. Akaitoa kwenye kopo la kahawa lililojaa vyuma.

Kwa hiyo giaboksi yoyote ikishuka chini, kwa sababu yoyote ile, orodha yangu ni hii: sili ya shafti, sili za drafti shafti mbili, sili ya nyuma ya injini inayokaa nyuma ya flaiwili, rilisi beringi, na klachi kama imefika nusu. Kama hela haitoshi, gari lilale mpaka itoshe. Oili nunua ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo iliyobaki kwenye dumu la fundi, ambayo pengine ni ya difu ya lori.

Kuna walioniambia nifunge giaboksi ya auto, inayobadili gia yenyewe, niachane na mateso. Sijashawishika. Giaboksi hii mzee aliifungua chini ya mwembe kwa spana na nyundo ya mpira. Mkono wangu tu ndio nimeuondoa juu ya gia, nilikuwa naupumzishia pale kama kwenye mkono wa sofa, kumbe nasukuma uma wa ndani unaosogeza gia.

Mwanangu sasa yuko darasa la nne na bado anakagua kipande cha boksi kila asubuhi, ila anadai shilingi mia. Mabaki ya giaboksi ya kwanza yako nyuma ya banda la kuku. Wanunuzi wa chuma chakavu wamepita mara tatu kuniuliza bei, nimewakatalia. Namba tatu na nne za mle ndani bado ni nzima.