Usikimbilie Gesi: Kwa Unayeanza Kazi ya AC za Magari Huku Mtwara

Mdogo wangu unayeingia gereji, wateja wengi watakujia na ombi moja: "Fundi, niongezee gesi." Itikia vizuri, lakini geji ya kupimia gesi iache kwanza. Kaa kwenye kiti cha dereva, washa injini, pitia swichi za dashibodi moja moja huku ukijua kila moja inavuta nini kule nyuma ya plastiki. Kwenye Toyota na Nissan za miaka ya 1990 ambazo bado zinapiga kazi huku kwetu, mara nyingi AC "iliyokufa" haidai gesi. Kuna kebo imechomoka, au koki imeganda, au mwenye gari hajawahi kuambiwa zile alama zina maana gani.

Shika njia ya hewa, mengine yatafuata yenyewe. Feni inavuta hewa kutoka nje, chini ya kioo cha mbele, au humo humo ndani ya gari. Inaisukuma ipite kwenye koili ya baridi. Halafu kilango kimoja kinaamua hewa kiasi gani ipite kwenye hita, na vilango vingine vinaamua itokee usoni, miguuni au kwenye kioo. Hita ni rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ya injini, kwa hiyo injini ikishapata moto, joto lipo pale, ulitake usilitake, isipokuwa maji yamezuiwa na koki. Kitufe cha AC kinaruhusu kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ifanye kazi, basi. Ile swichi ya bluu na nyekundu haina habari na kompresa. Yenyewe inachanganya joto na baridi. Ndiyo maana dereva anaweza kubonyeza AC, swichi akaiacha katikati, halafu akalalamika kuwa gari lake halipoi.

Hapa pa kuchanganya joto ndipo pa kukaa muda mrefu. Magari mengi ya zamani yana koki ya hita, kwenye bomba la maji karibu na ukuta unaotenga injini na kabini, na inavutwa na kebo nyembamba. Sukuma swichi hadi mwisho wa bluu huku mwenzako akitazama chini ya boneti. Koki isipocheza, kebo imekatika, imechomoka kwenye kibanio, au koki yenyewe imejaa kutu. Ikicheza, subiri kidogo, kisha gusa kwa uangalifu mabomba mawili ya hita, mbali na feni na mikanda. Bomba lililo baada ya koki likiendelea kuwa la moto wakati swichi iko bluu, koki haifungi, na baridi yote ya kompresa inapikwa kabla haijamfikia abiria. Magari mengine hayana koki kabisa, na mabomba yote mawili huwa ya moto siku zote. Kwa hayo, lala chini ya dashibodi utazame mkono wa kilango unavyogeuka mwanzo hadi mwisho. Kebo iliyoteleza hata kidogo inaacha kilango wazi, na joto la mchana wa Mtwara halisamehe hilo.

Utakuta pia magari ambayo hita imefungwa, mabomba yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa hoja kwamba huku pwani kuna joto, hita ya nini. Mimi napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Gari la Mtwara haliishi Mtwara tu. Linapanda Newala, linakwenda Songea mwezi wa Sita na wa Saba, asubuhi kuna baridi kweli. Zaidi ya hapo, hita ni msaada wa dharura. Gari likianza kuchemsha mlimani na hakuna mahali salama pa kusimama, zima AC, weka joto mwisho kabisa na feni mwisho, fungua madirisha. Ile rejeta ndogo itatoa sehemu ya joto la injini mpaka dereva apate pa kuegesha. Kama mshale hauteremki, azime injini, na mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka ipoe. Mfundishe kila mteja hili.

Masika yakianza, watakuja na habari ya ukungu kwenye kioo. Waambie wapitishe kidole kwa ndani. Ukifutika, unyevu uko ndani ya gari: hewa ielekezwe kwenye kioo, iingie kutoka nje, AC iwashwe na joto liongezwe. Koili ya baridi inaukamua unyevu, hita inaipasha moto ile hewa kavu, kioo kinasafika haraka. Watu wanashangaa kusikia AC na hita vinawashwa pamoja, lakini ndivyo inavyotakiwa. Usipofutika kwa ndani, basi uko nje: kioo kimepoa kupita kiasi na hewa nzito ya bahari inagandia juu yake. Hapo dawa ni waipa, kisha hewa ya baridi iondolewe kwenye kioo au joto lipandishwe. Dereva anayechanganya hali hizi mbili anazidisha tatizo, usiku, mvua ikinyesha, pikipiki zimejaa barabarani.

Ile alama ya mshale unaozunguka ndani ya gari inafunga hewa ya nje. Gari lililoshinda juani lisianze nayo. Madirisha yafunguliwe kwanza, joto litoke, ndipo hewa ifungwe. Inafaa sana kwenye vumbi, na wakati mikorosho inapulizwa salfa kule Tandahimba. Lakini kwa safari ya Dar, zaidi ya kilomita 500, hewa ya nje iruhusiwe kila baada ya muda, maana hewa iliyofungwa na watu wanne ndani inaleta usingizi.

Feni ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, karibu kila mara ni rezista ya feni, kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye namba za chini, imeungua. Namba ya mwisho haipiti kwenye rezista. Maji yakilowesha kapeti upande wa abiria, kwenye magari haya ya usukani wa kulia, angalia bomba dogo la kutolea maji ya koili. Limeziba. Maji yanayodondoka chini ya gari ni afya, usimtoze mtu hela kwa hilo.

Sasa gesi. Bonyeza AC usikilize klachi ya kompresa, inayoiunganisha na mkanda wa injini: inagonga "ta". Isipogonga, tazama fyuzi, relei (swichi ya umeme) na waya, kisha pima kama gesi imepungua, kwa sababu swichi ya shinikizo inazuia kompresa isizunguke bila gesi. Usiiunganishe moja kwa moja ili izunguke kwa nguvu. Mafuta yake yanasafiri na gesi, na bila hayo itajisaga. Soma kibandiko chini ya boneti. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yanaweza kuwa yalitoka na R-12, gesi iliyoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Mengi yaliyofuata yana R-134a. Mafuta ya kompresa ni tofauti, kwa hiyo usimimine moja juu ya nyingine. Na gesi haiishi kwa kutumika. Imepungua kwa sababu inavuja, na huku kwetu anza kutafuta kwenye rejeta ya AC kule mbele, ambako chumvi ya bahari inakula alumini. Osha kwa maji ya taratibu, tazama penye alama ya mafuta mafuta, ziba au badilisha, vuta hewa yote kwa pampu, ndipo ujaze kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko.