Mlima Uliofunikwa na Chumvi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni mahali gani ambapo maumbile, ngano na watu mashuhuri wamekutana? Mimi ni mtu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, na jibu langu huonekana kutoka uani kwetu asubuhi mawingu yanapofunguka. Ni milima ya Rwenzori.

Shuleni tuliulizwa nani aligundua milima hii. Niliandika Stanley, yule msafiri Mzungu, nikapata alama yangu. Leo ningeandika jibu refu zaidi. Stanley aliiona theluji ile tarehe 24 Mei 1888, lakini maofisa wake wawili, Parke na Jephson, walikuwa wameshaiona mwezi uliotangulia. Tena Stanley mwenyewe aliandika kwamba kuna kijana aliyemwonyesha mlima uliosemekana kufunikwa na chumvi, na yeye alipotazama alidhani ni wingu la rangi ya fedha. Chumvi! Msafara ule ulijaa Wazanzibari, kwa hiyo kila nikiisoma habari hiyo nalisikia neno lenyewe kwa Kiswahili, kinywani mwa kijana ambaye hajawahi kuona theluji. Huyo ndiye mtu mashuhuri wangu.

Karne nyingi kabla yake, katika karne ya 2, Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria, aliandika juu ya Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake hulisha maziwa ya mto Nile. Habari za maziwa hayo zinatajwa kuwa zilitoka kwa Diogenes, mfanyabiashara Mgiriki aliyepitia Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wanaamini milima hiyo ni hii yetu.

Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, theluji ni nzururu, na humo anakaa Kithasamba, mungu wa mlima. Bibi yangu hakuwahi kunyoosha kidole kuelekea kilele; alielekeza kwa kidevu tu, kama mtu anayemwonyesha mkubwa wake.

Sasa tazama ramani. Safu hii ina milima sita mikuu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Speke na Baker walikuwa wasafiri Waingereza. Speke hakuwahi kufika hapa. Baker aliiona kwa mbali tu. Majina hayo yanatokana na safari ya mwaka 1906 ya Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, aliyefika kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Simnyimi sifa yake: alipanda, akapima, na mpigapicha wake Vittorio Sella alituachia picha za barafu ambazo hadi leo ndizo kipimo cha kile tulichopoteza. Lakini waliobeba mizigo na kuonyesha njia mabondeni walikuwa Wakonzo, na hakuna hata mmoja kati ya milima ile sita uliopewa jina la mtu wao. Jambo hili linaniuma, na ningependa liingie kwenye maswali ya watoto wetu pamoja na mita 5,109.

Wengine hudhani Rwenzori ni volkano kama Kilimanjaro. Sivyo. Ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka. Huko juu kuna lobelia zinazompita mtu kimo, na mimea mingine mikubwa isiyodondosha majani yake makavu. Huyaacha yaning'inie shinani kama blanketi, maana usiku ni baridi kali ingawa Ikweta iko jirani kabisa.

Baba alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima hii, na Kiswahili changu kilitoka huko, kwa wachimbaji wa makabila mengi walioelewana kwa lugha hiyo. Mwaka 1906 barafu ilikuwa juu ya milima yote sita. Siku hizi mabaki yake yako hasa kwenye Mlima Stanley, nayo yanapungua. Mjukuu wangu aliniuliza juzi, barafu ikiisha Kithasamba atahamia wapi. Nilimjibu kwamba wazee wa Kikonzo ndio wenye haki ya kujibu hilo, na Jumapili nitampeleka kwao akawaulize mwenyewe.