Chura hanywi kwa mdomo

Barua nyingi za mwezi huu zinaomba dawa, na karibu zote hazitaji maji. Nimeshaandika hapa mpaka wino umekauka: chura hunywa kwa ngozi, hasa ile ya tumboni na chini ya mapaja, na hupumua kwayo pia. Barua ya ngozi isiyoniambia maji yametoka wapi, joto ni kiasi gani na tangi lilisafishwa lini, sitaijibu tena. Hizi ni za mwisho kuponea chupuchupu.

Nina chura wa mti niliyemtoa kwenye mwembe. Asubuhi ni wa kijivu, ikifika saa saba mchana amekuwa mweupe kama chokaa. Anaumwa? (Kilifi)

Haumwi. Kwa maelezo yako huyo ni Chiromantis, yule anayetaga kwenye povu linaloning'inia juu ya dimbwi. Jua likimpiga hujifanya mweupe ili aurudishe mwanga, na uchafu wa mwilini huutoa kama ndege, kwa asidi ya yuriki, asipoteze maji. Ndiyo maana utamkuta kiangazi ametulia juani wakati wenzake wote wamejificha. Mwembe ulimtosha. Mrudishe leo, mti uleule, ikiwa tu hajakaa na chura mwingine wala kutumia vyombo vya chura mwingine hapo kwako. Sababu utaisoma chini.

Chura wangu mdogo wa matete alikuwa kijani, sasa ni kahawia mwenye madoa ya rangi ya maziwa. (Pangani)

Amekua. Ni jike.

Shikamoo. Chura wangu anajikunyata, anapiga miayo, kisha anameza ngozi yake mwenyewe! (wasomaji watano, miji mitano)

Marahaba, nyote watano. Anajivua ngozi na kuila, kama walivyofanya vyura wote mlioniuliza mwaka jana.

Mwanangu alinunuliwa chura wa White's, yule mnene wa Australia. Tangu baridi ianze amekuwa kahawia na hali vizuri. (Minneapolis)

Dada, kahawia peke yake si ugonjwa; chura huyo hukolea rangi akisikia baridi, giza au hofu. Kahawia pamoja na kutokula ndiko kunanifanya niulize kipimajoto kinasomaje ndani ya tangi, si sebuleni. Mchana mpe nyuzi 24 hadi 28, usiku pungufu kidogo. Hita za nyumba za huko hukausha hewa, kwa hiyo ongeza kumnyunyizia maji. Maji ya bomba yakilazwa usiku klorini hutoka, lakini miji mingi ya Marekani hutia kloramini, na hiyo haitoki kwa kulazwa. Nunua dawa ya kuiondoa. Na mtoto asimshike kila akitoka shule. Sabuni, losheni na dawa ya mbu vilivyo mkononi mwake chura anavinywa. Yeye naye anawe baada ya kumshika, maana vyura hubeba salmonela.

Tumbo na mapaja yamekuwa mekundu, siku tatu hajala. Nimempa unga wa amoksilini kutoka kwenye kapsuli na maji ya chumvi. Niongeze? (Nairobi)

Usiongeze kitu, kaka. Wekundu wa namna hiyo, chura akiwa amelegea, mara nyingi ni bakteria walioingia kwenye damu, na mlango wao ni maji machafu na ngozi iliyochubuka. Unaweza pia kuwa ngozi imeunguzwa na amonia ya mkojo wake mwenyewe. Mimi kwa barua siwezi kutofautisha, na wewe kwa kapsuli ya binadamu huwezi kupima dozi ya mnyama mwenye uzito wa kijiko cha sukari. Mtenge kwenye chombo safi chenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa maji yasiyo na klorini, umpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Kesho unaweza kuwa umechelewa.

Vipande vya ngozi vinaelea majini kila siku, amekaa miguu kaitupa nje, nikimpindua hajigeuzi. Mwenzake alikufa wiki jana. Nimwachie bondeni, huenda akapona mwenyewe? (Morogoro)

Bondeni! Na barua imetoka Morogoro, mkoa wenye bonde la Kihansi. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko, na vyura 499 wa Kihansi wakapelekwa Marekani kuzalishwa. Waliobaki waliporomoka mwaka 2003, na kwenye mizoga ikakutwa kuvu ya kitridi. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Kuwarejesha bondeni kulianza 2012.

Dalili ulizozitaja ni za kitridi, na ukimwachia bondeni atawaambukiza vyura wa huko. Kuvu hiyo hukaa kwenye ngozi, chumvi za damu hushuka, moyo husimama. Inatibika kwa dawa ya fangasi daktari akiipima, tena wakati mwingine chura hupona, kwa hiyo nenda. Maji ya tangi yatie klorini ya kufulia, yakae, ndipo uyamwage chooni. Kokoto na majani yatupe yakiwa yamefungwa kwenye mfuko. Mwenzake aliyekufa, kama ulimtupa mtaroni, sitaki kujua.

Kushika chura kunaleta chunjua? (Muscat)

Hapana. Chunjua huletwa na kirusi cha binadamu.

Ngozi ya chura wangu imekauka. Nimpake mafuta ya nazi kidogo tu? (Tabata)

Rudi barua ya kwanza kabisa, ile ya kwangu.