Altezza, vumbi na breki zilizokufa raundi ya tatu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono. Naishi Pasua, Moshi. Mwezi uliopita nilikwenda siku ya mazoezi ya autokrosi, zile mbio fupi za kona nyingi, kwenye uwanja wa vumbi upande wa Arusha. Raundi mbili za kwanza nilienjoi. Ya tatu pedeli ya breki ilizama mpaka kwenye kapeti, nikapitiliza kona nikaishia kwenye majani. Nilikaa kama nusu saa, breki zikarudi zenyewe. Fundi wangu alibadilisha masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), tukatoa upepo, nikarudi uwanjani, yakawa yaleyale. Nina milioni tatu za kulitengeneza gari. Washkaji wananishauri turbo, wanasema huku juu injini inakosa hewa. Nimeshanunua filta ya wazi na rimu za inchi 18. Mwenye gari wa kwanza alilinyanyua kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kuinua bodi. Nataka lifae autokrosi na baadaye sakiti ya lami. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anzia kwa fundi wako, mwombe ile masta silinda ya zamani kabla hajaiuza. Naamini ni nzima. Masta silinda iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa nusu saa kivulini. Breki zinazokufa zikipata moto na kurudi zikipoa zina ugonjwa mmoja wa kawaida: mafuta ya breki yamechemka.

Mafuta ya breki hayabanwi. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inasafiri kwenye paipu mpaka kwenye pistoni za kalipa, kile kibanio kinachozibana padi kwenye diski. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Hapo mguu wako unaubana mvuke tu, padi hazisogei. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedeli inapanda, fundi anajikuna kichwa.

Joto lenyewe si dogo. Altezza yako pamoja na wewe ndani ni kama kilo 1,400. Ukilisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, mwendo wote huo unageuka joto, na joto hilo linatosha kuchemsha birika la lita moja na nusu la maji ya baridi. Breki moja, birika moja. Kutoka kilomita 60 ni kama theluthi tu ya hapo, kwa hiyo ukienda sokoni huoni tatizo. Uwanjani unachemsha vibirika vidogo kila baada ya sekunde chache na diski hazipati hata nafasi ya kupumua.

Sasa fungua boneti, chota mafuta kidogo kwenye kile kikopo cha breki kwa bomba la sindano, weka kwenye chupa safi ya kioo. Mapya yana rangi kama ya mafuta ya alizeti. Kama yako yanafanana na chai ya rangi, yana miaka mingi. Na usiseme "si tulitoa upepo juzi". Kutoa upepo mara nyingi huku kwetu ni kusukuma mpaka mapovu yaishe, basi. Mafuta ya zamani yaliyoko kwenye kalipa, pale pale penye moto, yanabaki. Tena mafuta haya yanavuta unyevu wa hewa, na kila tone la maji linashusha kiwango cha kuchemka. Namba ya DOT kwenye kopo ndiyo daraja la mafuta: DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishakunywa maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Nunua DOT 4 nzuri au 5.1, kopo lililofungwa, si lile fundi alilolifungua Krismasi. Ila soma namba vizuri: DOT 5 bila ile nukta moja ni silikoni, haichanganyiki na haya mengine, usiiguse.

Kubadilisha kunahitaji watu wawili. Mmoja ndani, mwingine chini na mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa. Anzeni tairi la nyuma lililo mbali zaidi na masta silinda, malizieni la mbele upande wa dereva. "Kanyaga! Shikilia!" Wa chini analegeza nati, mafuta yanatoka, anakaza. "Achia!" Huyo wa ndani akiachia kabla nati haijakazwa, hewa imeingia, mnaanza upya. Kila tairi endeleeni mpaka rangi inayotoka ibadilike kabisa, na kikopo cha juu kisikauke hata mara moja. Usimwage kwenye bodi, yanachuna rangi.

Kuna kifo kingine cha breki watu wanakichanganya na hiki. Pedeli inakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe, gari halisimami, na unasikia harufu ya kuungua. Hizo ni padi zilizozidiwa na joto, mafuta hayahusiki. Kwa kuwa yako ilizama, padi si mshtakiwa wa kwanza. Hata hivyo kama unatumia zile za bei ya chini kuliko zote dukani, badilisha. Usidanganywe ununue padi za mashindano kamili, maana nyingi hazishiki vizuri mpaka zipate moto, na wewe gari hilohilo unashuka nalo mteremko wa Kikafu asubuhi breki zikiwa baridi.

Kuhusu turbo, washkaji wako hawajakosea hesabu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ina mkandamizo pungufu kwa karibu asilimia 15. Zile nguvu za farasi 210 ambazo Toyota waliandika kwenye karatasi za RS200 ya gia za mkono, huku zinabaki kama 180. Moshi uko chini kidogo, unapata zaidi ya hapo. Turbo kweli ndiyo dawa ya hewa nyepesi. Lakini injini yako, 3S-GE, ina kompresheni ya 11.5 kwa 1, yaani hewa ndani ya silinda inabanwa mara 11.5. Hiyo tayari imebana sana. Ukiongeza hewa ya turbo juu yake bila kubadilisha pistoni, nozeli, pampu ya petroli na programu ya kompyuta, petroli itaanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni zitatoboka. Milioni tatu haimalizi hata nusu ya kazi hiyo ikifanywa vizuri. Ikifanywa vibaya inamaliza, na injini inamalizika nayo. Na sehemu kubwa ya raundi ya autokrosi uko gia ya pili, matairi ya nyuma yanazunguka bure kwenye vumbi. Hizo farasi 180 tu bado hujaweza kuzishusha chini.

Filta ya wazi uza. Naelewa ule mlio unavyopendeza. Ila vumbi la Kisongo mwezi wa tisa linapita mahali ambapo hata maji hayapiti, na likiingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa. Rudisha boksi la filta la kiwandani, weka filta mpya ya karatasi, pakaa grisi kidogo kwenye ukingo wa mpira ili lisipenye. Baada ya mazoezi pitisha kidole upande wa ndani wa paipu, baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja.

Sasa huko chini ya gari, ambako ndiko ningeweka pesa zako nyingi. Spesa zitoe. Watu wananyanyua Altezza ili zisigonge matuta, sawa, lakini spesa haiongezi urefu wa shokapu kufanya kazi. Inasukuma bodi juu tu, mikono ya chini inaning'inia kwa pembe mbaya, na boljointi, zile jointi za duara zinazoshikilia tairi kwenye mikono, zinateseka. Gari hili lina sifa mbaya hapo hapo: boljointi ya chini ya mbele ikiisha inachomoka, tairi linalala ubavu, gari linakaa chini. Ikikutokea ukiwa kilomita 90 kwa saa karibu na Boma Ng'ombe hatutakuwa tunaandikiana. Piga jeki mbele, weka stendi, ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue taratibu huku mwenzako ameshika boljointi kwa vidole. Akihisi mchezo wowote, badilisha zote mbili. Usikubali ile ya "hii bado inasukuma mwezi".

Ukimaliza hapo angalia bushi za mikono, ile mipira kwenye maungio yake. Gari la miaka zaidi ya 20 bushi zake zimepasuka, na alaimenti ya gari lenye bushi zilizokufa ni picha tu: linapimwa limenyooka, ukikanyaga breki linajipinda linavyotaka. Bushi kwanza, shokapu nzima, halafu ndiyo alaimenti.

Hapa lazima uchague. Video unazotazama za Marekani, autokrosi yao inachezwa kwenye lami, kwenye maegesho makubwa, koni zimepangwa. Wanashusha gari, wanaweka springi ngumu na tairi pana, na wanalaza matairi ya mbele ndani kwa juu nyuzi 2 na nusu hadi 3. Kwenye lami hiyo ni sahihi. Uwanja wetu ni wa udongo, wenye mashimo na mawe. Unataka springi laini, shokapu zenye safari ndefu, tairi jembamba lenye ukuta mrefu na meno, ulazaji usiozidi nyuzi 1, na bamba la chuma chini ya sampu. Gari la kufanya yote mawili kwa siku moja halipo. Ushauri wangu, lijenge la vumbi kwa mwaka huu. Sakiti ya lami ikija, unabadilisha springi, tairi na alaimenti. Breki na bushi ulizokwisha kununua zinabaki na faida yake.

Kwa sababu hiyo rimu za inchi 18 nazo ziingie sokoni. Tairi lake ni kama utepe, jiwe moja linapinda rimu. Tafuta za inchi 16 zenye matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3, uzivalishe kwanza uone kama zinapita kalipa za mbele ndipo ulipe.

Una ABS, mfumo unaozuia tairi lisifunge ukikanyaga breki, na kwenye vumbi itakukera. Tairi lililofunga kwenye udongo laini linajikusanyia kilima cha mchanga mbele yake, na hicho kinasaidia kusimama. ABS inalizuia lisifunge, kwa hiyo gari linakwenda mbali zaidi. Wengi wanachomoa fyuzi uwanjani. Chomoa, lakini funguo za gari na fyuzi ziwe kwenye mfuko mmoja, usije ukasahau ukarudi nayo hivyo barabarani. Hendibreki ya Altezza ina viatu vidogo vyake ndani ya diski za nyuma, havikutengenezwa kwa ajili ya kugeuza gari kila kona. Ukiizoea kuvuta, vikague mara kwa mara.

Difu ipime bure. Nyanyua tairi zote mbili za nyuma, gia iwe huru, zungusha moja kwa mkono. La pili likifuata upande uleule, unayo Torsen, difu inayozuia tairi moja lisizunguke bure, baadhi ya RS200 zilikuja nayo, na una bahati. Likienda kinyume kirahisi, difu ni ya kawaida. Usiichomelee. Utalia kila unapogeuza kwenda kuegesha.

Umeniuliza pia kwenye ujumbe wa pili kama jamaa wa mageti hapo mtaani anaweza kukuchomelea keji, ile fremu ya mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka. Hapana. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa na Starlet ujana wangu, nikachomelea keji ya bomba la maji kwa mtu wa madirisha. Ililala ubavu taratibu kabisa, mwendo wa baiskeli, bomba likakunjika kama mrija wa soda, sentimita chache kutoka sikioni. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, na lile tao kuu nyuma ya dereva liwe la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Kama huna la namna hiyo, afadhali ubaki na bodi ya kiwandani na mkanda wa kiwandani. Tena keji bila helmeti, kwenye gari la kila siku, ni bomba la kupasulia kichwa. Helmeti yenyewe iwe ya magari, ina alama ya ubora ya Snell SA. Ya bodaboda haina bitana ya kuzuia moto.

Kupunguza uzito hakuna gharama. Siku ya mchezo toa tairi la spea, jeki, kiti cha nyuma, spika za buti. Chochote kilicholegea kitoke, hata chupa ya maji, kwa sababu chupa ikiingia chini ya pedeli ya breki utakumbuka kila nilichoandika hapa. Betri ikazwe. Nati za rimu kwa spana ya torki, nyutoni-mita 103, halafu zirudie baada ya raundi ya kwanza.

Na ukimaliza raundi usisimame umekanyaga pedeli, diski zikiwa nyekundu padi zinaacha alama. Zunguka taratibu kidogo, egesha, weka gia ya kwanza, jiwe chini ya tairi. Padi mpya zizoeshe kwenye barabara ya shamba, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Si barabara kuu, pale kuna malori ya Namanga na trafiki wa tochi.

Ukipita mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, njoo na ile masta silinda. Nitaifungua mbele yako tuangalie mipira yake. Kama ni nzima, unayo spea.