Mmea wa Kudumu Hauchaguliwi kwa Ua Lake

Kizuri chajiuza, nami nilinunua. Mara ya kwanza nilipokwenda kitaluni kutafuta mimea ya kudumu nilirudi na miche 11, yote ila mmoja imechanua na inameremeta. Sikuuliza upi unapenda jua na upi unapenda kivuli. Sikuuliza utakuwa na upana gani ukikomaa. Niliangalia rangi tu, kama mtu anayechagua vitambaa.

Mwaka mmoja baadaye ilibaki minne. Na mmoja kati ya hiyo minne nilikuwa nimeuchukua kwa huruma: agapanthasi (mmea wa maua ya buluu au meupe) iliyosukumwa chini ya meza, majani mawili yamevunjika, ua hakuna. Leo huo ndio umejaza ukingo mzima wa bustani yangu. Ile iliyokuwa imechanua vizuri kuliko yote ndiyo iliyotangulia kufa.

Nimeshapanda, nimeua na kupanda tena kwa miaka tisa sasa, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyalipia.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mmea wa kudumu ni ule unaoishi zaidi ya miaka miwili. Alizeti huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja. Karoti ukiiacha ardhini huchukua miaka miwili: wa kwanza majani na mzizi, wa pili maua na mbegu, kisha basi. Wa kudumu hurudi. Mingine hukaa kijani mwaka mzima. Mingine hunyauka yote juu ya ardhi, ikajificha mizizini wakati wa baridi au ukame, halafu ikachipua tena. Hii ya pili ndiyo inayotutia wasiwasi sisi wanaoanza, na nitaieleza mbele.

Ila ukisoma "wa kudumu" kwenye kibandiko, jiulize: unadumu wapi? Nyanya kwa asili ni mmea wa kudumu, ila penye barafu hauvuki msimu, ndiyo maana watu wa nchi za baridi huupanda upya kila mwaka. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ramani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1960, inayogawa nchi kwa kanda 13 kufuatana na wastani wa baridi kali zaidi ya mwaka, na wauza miche wengi hutaja namba za kanda hizo. Zinasaidia, lakini zinapima baridi tu. Hazikwambii lolote kuhusu joto, unyevu wala udongo. Na kuna mimea ambayo shida yake ni kinyume: pioni, mmea wa maua makubwa wa nchi za baridi, huhitaji majuma kadhaa ya baridi ili ichanue vizuri. Ukiipanda mahali pasipo baridi hiyo utafuga majani.

Kwa hiyo anza na mahali, mmea baadaye. Nilikuwa naamini bustani yangu yote ina jua. Jumamosi moja nikachukua vijiti na nyuzi za rangi, na kila baada ya saa mbili nikawa nachomeka kijiti pale kivuli cha ukuta kilipofika. Jioni niligundua kwamba kona niliyoiita "ya jua" hupata saa tatu tu. Mimea inayotajwa kuwa ya jua kamili huhitaji saa sita au zaidi. Nusu ya makosa yangu yalikuwa yamepangwa pale, mstari mmoja.

Halafu pima jinsi maji yanavyopotea. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena na uangalie saa. Yakikaa nusu siku bado yapo, huo ni udongo unaoshika maji. Si mbaya, ila umeshakuchagulia mimea.

Haya nilifundishwa na lavenda. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, kwenye vilima vikavu vyenye mawe. Mimi niliipanda kwenye udongo wa mfinyanzi, karibu na bomba, ili isipate taabu ya kiu. Mwezi wa pili ikaanza kulegea. Nikaongeza maji. Ikalegea zaidi. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye bustani yake hunitia wivu, akapita akaniona nimesimama na ndoo.

"Mwanangu, ulimwagilia lini?"

"Leo asubuhi, mama. Na jana jioni."

Akainama, akachomeka kidole ardhini mpaka kwenye kifundo cha pili, akakitoa na kunionyesha. Tope tupu. "Huu hauna kiu," akasema. "Unazama."

Mmea unaooza mizizi hulegea sawasawa na mmea wenye kiu, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa haiwezi kuvuta maji hata yakiwa yameizunguka. Kwa hiyo kabla ya kushika ndoo, tumia kidole. Lavenda yangu ya sasa ipo juu ya tuta la udongo wenye changarawe, lililoinuka kama sentimita 25, na haijawahi kunisumbua. Jambo moja hapo: kuweka tabaka la kokoto chini ya shimo, kama wengi tulivyoambiwa, hakusaidii. Maji hujikusanya juu ya kokoto, pale pale kwenye mizizi. Inua udongo, au chagua mmea unaopenda majimaji.

Sasa kitaluni. Siku hizi nafika na karatasi yenye mambo mawili: saa za jua na hali ya udongo. Ninauliza mimea inayokubaliana nayo, ndipo naangalia rangi. Nikipata mche, naomba ruhusa niutoe kwenye chungu chake. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai. Naushika shina kati ya vidole, nageuza chungu, nagonga kidogo, unatoka. Mizizi mizuri ni myeupe au ya rangi ya krimu, imetawanyika kwenye udongo. Ya kahawia, inayoteleza na kunuka, mwachie mwenyewe. Iliyojizungusha mpaka imekuwa kama kikapu maana yake mche umekaa chungu kimoja muda mrefu mno. Huo unaweza kuuchukua, ila siku ya kuupanda uifungue mizizi kwa vidole, la sivyo itaendelea kuzunguka hapo hapo hata ukiwa ardhini.

Na usikimbilie mkubwa. Mche mdogo wenye mizizi hai huufikia mkubwa, mara nyingi ndani ya misimu miwili, na bei yake huwa nafuu. Wenye vitumba kuliko wenye maua. Wenye majani mengi kutoka chini kuliko mrefu wenye shina moja.

Kuna mimea sitaki uipande bila kufikiri. Nanaa hutambaa chini ya udongo. Niliupanda katikati ya maua na miaka miwili baadaye nilikuwa nang'oa vikonyo vyake mita tatu kutoka nilipouweka. Weka nanaa kwenye chungu, chungu juu ya jiwe, basi. Lantana, yenye asili ya Amerika ya kitropiki, imegeuka gugu sugu Afrika, Asia na Australia. Gugumaji nalo lilisafirishwa kutoka Amerika Kusini kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau, na kilichofuata kwenye maziwa na mito tunakijua. Ukiwa na paka, epuka yungiyungi za jamii ya Lilium pamoja na hemerokali, mmea wenye maua yanayofanana nazo, maana zinaua figo za paka, hata chavua iliyolambwa kwenye manyoya inatosha. Na olianda, kichaka cha maua, ni sumu kuanzia jani mpaka shina, ukiwa na watoto wadogo usiipande.

Kupanda kwenyewe si kazi kubwa. Mche ukae kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye chungu. Kuna wanaotaka zaidi ya hapo: machipukizi ya pioni yasizidi kama sentimita 5 chini ya udongo, yakizidi utapata majani mwaka hadi mwaka huku ukijiuliza umekosea nini. Airisi yenye ndevu huota kutoka kwenye shina nene linalolala ardhini, na shina hilo linataka mgongo wake uone jua. Nililifukia vizuri kwa nia njema. Likaoza.

Nafasi ni jambo ambalo bado linanishinda moyoni. Miche midogo ikiwa umbali wa sentimita 60 inaonekana kama imegombana. Utatamani kuibananisha. Mimi niliibananisha, na mwaka wa tatu ilikuwa inasongana, hewa haipiti, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, umepaka majani kama chokaa. Sasa naacha nafasi iliyoandikwa, na mapengo ya miaka miwili ya kwanza nayajaza kwa maua ya msimu mmoja, yanayokufa yenyewe bila kunilaumu.

Mwaka wa kwanza ni wa mizizi. Juu hutaona jambo la kusimulia. Kazi yako ni maji: mengi kwa mara moja, kisha uache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia, ili mizizi ishuke kuyafuata. Ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni, mizizi hubaki juu juu, na siku ukisafiri utayakuta makaburi. Tandaza majani makavu au vipande vya magome, unene wa sentimita 5 hadi 7, lakini acha pengo kuzunguka shina. Tandazo linaloegemea shina huliozesha. Mbolea ya chumvichumvi sitii mwaka huo kabisa. Naitrojeni nyingi hukupa majani manene na mashina yanayoanguka upepo ukipiga, maua machache. Mboji, ndoo moja kwa kila mita ya mraba au pungufu, inatosha, na kwa lavenda hata hiyo simpi.

Nilisema nitarudi kwenye mimea inayojificha. Mwaka wangu wa pili ekinasea, mmea wenye maua ya rangi ya waridi, ilinyauka yote. Nikangoja, nikachoka, nikachukua jembe ili nipande kitu kingine. Pigo la kwanza likaleta juu machipukizi manne, mekundu kwa chini, yamekatika kama kucha. Ulikuwa hai, ulikuwa siku chache tu kabla ya kutokeza. Tangu hapo kila mmea unaonyauka naupigia kijiti chenye jina, na sichimbi kabla msimu mpya haujafika katikati.

Maua yaliyokauka yakate, mimea mingi huongeza mengine. Hemerokali ni ya kupendeza kwa hili: jina lake la Kigiriki limeunganishwa kutoka "siku" na "uzuri", kwa sababu kila ua huishi kama siku moja, ingawa bua moja hubeba vitumba vingi vinavyopokezana. Kila asubuhi ninapita na kikombe cha chai nikichuma maua ya jana. Ekinasea, kinyume chake, naiachia vichwa vikavu mwishoni mwa msimu, ndege hula mbegu. Lavenda ipogoe kila mwaka, lakini usishuke kwenye sehemu ya mti mkavu usio na jani. Hapo haichipui tena.

Baada ya miaka mitatu hadi mitano utaona kichaka kimekuwa kama pete: pembeni kumejaa, katikati pamekufa, na maua yamepungua. Ndiyo ishara ya kugawa. Gawa wakati mmea hauchanui, hali ya hewa ikiwa ya ubaridi kidogo, udongo una unyevu. Inayochanua mapema ngojea imalize, inayochanua mwishoni iwahi inapoanza kuchipua.

Juzi nimegawa ile agapanthasi ya chini ya meza. Nilikuwa nimeichelewesha makusudi, kwa kuwa huchanua vizuri ikibanana kiasi. Nilikata udongo mduara mzima, nikaingiza uma wa bustani kila upande, nikaegemea mpini kwa uzito wangu wote. Ikatoka na mlio kama kitambaa kinachopasuka. Mizizi yake minene, myeupe, imesukana kiasi kwamba mikono haikufua dafu, ikabidi nichukue msumeno wa matawi. Inasikitisha kuukata msumeno mmea unaoupenda, sitakudanganya. Nilipata vipande 14, kila kimoja na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Nikapunguza majani kwa nusu ili yasivute maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta, nikapanda 11 siku hiyo hiyo. Mwaka huu sitegemei ua hata moja kutoka kwao, huwa inanuna ikiguswa.

Vitatu vilivyobaki vipo kivulini kwenye beseni, nimevifunika kwa gunia bichi. Jirani yangu amesema atavipitia jioni, na ameshaniuliza saa za jua za pale nilipoung'oa.